Chila nzima, kumbe maji

Siku tatu mashine yetu ya eksirei ya kupimia sampuli hapa Mtwara inajizima tu, inaandika maji ya kupoza hayatoshi, na kila mtu anasema chila, yaani mtambo unaopoza hayo maji, imekufa iagizwe nyingine Dar. Nikasema ngojeni kwanza. Nikashika mipira yote miwili ya maji, wa kwenda baridi safi, wa kurudi moto balaa, sasa hapo ujue chila inapoza vizuri ila maji yanapita kidogo mno, na ile tyubu inayotoa eksirei karibu asilimia 99 ya umeme wake unageuka joto, lazima ijizime. Nikafungua filta, jamani, uteute wa kijani umeganda kama mlenda! Kuna mtu alikuwa anajazia maji ya bomba badala ya yaliyochujwa madini. Tukamwaga yote, tukasafisha, tukaweka mapya, presha ikarudi.

Halafu wenzangu wa pwani naomba sana msishushe nyuzi joto za maji mkidhani mnaisaidia mashine, unyevu wa huku unaujua, mipira inatoka jasho na matone yanadondokea kwenye umeme mkali. Niliukuta mpira mmoja unachuruzika hivyo, nikapandisha nyuzi hadi ukakauka. Leo siku ya tano haijazima.