Siku moja maishani mwangu: viti vitatu, na kila kimoja chaona mlango

Watu nitakaowataja hapa nimewachanganya makusudi. Umri wa huyu nimempa yule, mtaa wa yule nimempa huyu. Aliyewahi kukaa chumbani mwangu asijitafute humu, hatajipata. Nilichoacha kama kilivyo ni kazi yenyewe: ushauri nasaha kwa watu waliopatwa na matukio ya kutisha.

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana huniamsha, kama inavyowaamsha majirani zangu wa Likoni, hapa Mombasa. Nikishaswali hubaki mkekani dakika chache, simu iko mbali. Najikagua. Mabega yamelegea au yamepanda? Kuna neno la mteja wa jana linalozunguka kichwani bado? Zamani nikiona huku ni kupoteza wakati. Siku hizi nisipofanya hivyo, ikifika adhuhuri nasikiliza watu kwa masikio tu.

Mahamri mawili, mbaazi, chai ya iliki. Natoka.

Saa kumi na mbili na nusu

Feri. Mikokoteni, baiskeli, wanafunzi na mabegi yao, honi. Kuvuka ni kama dakika kumi, lakini hakuna asubuhi nisiyomwona mtu aliyekamata chuma kwa mkono mmoja, macho ameyapeleka juu, asitazame maji. Simuulizi. Mji huu na maji yake wana mambo yao. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na pwani, watu 272 wakafa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya hapa hapa Likoni, mama na bintiye wamo ndani, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa. Nina majirani ambao tangu hapo hawakai ndani ya gari likiwa juu ya feri. Hushuka, wakasimama.

Neno letu la jambo hili ni kiwewe, nami nalipenda kwa sababu ndani yake nasikia kuweweseka. Mtu amelala, lakini kinywa chasema na mikono yapigana na kitu ambacho hakimo chumbani. Kiwewe ni hivyo hivyo, ila mwenyewe yuko macho. Tukio limekwisha miaka mingi, mwili haujaambiwa.

Saa mbili asubuhi

Chumba changu kiko ghorofani, si mbali na Mwembe Tayari. Nina viti vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoupa mlango mgongo. Mteja akiingia namwambia achague, mimi nakaa panapobaki. Mlango naurudisha bila kutia komeo, na namwonyesha kwamba sikutia. Udi sifukizi, nyumbani kwangu naupenda lakini hapa hapana. Kuna bibi mmoja aliingia siku nimefukiza, akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Harufu ile aliijua, na hakuijua kwenye harusi.

Chini yangu kuna fundi wa mageti. Mwaka wa kwanza nyundo zake zilinivurugia kazi, maana chuma kikigongwa ghafula mteja wangu alikuwa amesharuka kitini. Nilimshukia siku moja na kahawa na kashata, nikamweleza bila kutaja mtu. Tangu hapo, kabla ya kugonga humtuma kijana wake apande ngazi abishe mara mbili. Hajasoma darasa lolote la saikolojia, lakini ni mmoja wa watu wanaonisaidia sana katika kazi hii.

Saa tatu

Kijana wa bodaboda kutoka Kisauni. Wiki saba zilizopita alizingirwa na vijana wenye mapanga. Mkono umepona, usingizi haujarudi. Mkewe ndiye aliyemleta, kwa sababu ya muguka, majani ya kufukuza usingizi: atafuna usiku kucha, mchana huwa mkali kwa watoto.

"Mama, hawa wote waniambia niache muguka," asema. "Sasa nikilala, nani atalinda?"

Hapo ndipo penyewe. Nyumbani wanaona uraibu, mwenyewe yuko zamu. Ningeanza na "acha", ningekuwa nimemnyang'anya mlinzi wake wa pekee kabla sijampa mwingine. Kwa hiyo nilianza na komeo la mlango wake, na shemeji yake anayeweza kulala sebuleni siku mbili tatu. Muguka tutaufikia.

Nikamweleza mwili wake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari kabla hujafikiri. Siku ile ilimwokoa, maana alikimbia kabla hajajua anakimbia. Shida ni kwamba kengele imebaki juu. Pikipiki ikitoa mshindo nyuma yake, mwili haungoji kuuliza ni nani. Hofu na kukosa usingizi siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi hupungua wenyewe. Ndiyo maana matabibu hungoja dalili zipite mwezi mmoja kabla ya kuuita ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Jina hilo liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliorudi Vietnam kupigania miaka mingi wasiitwe waoga. Hilo la uoga lilimgusa. Akaniuliza mara mbili, "Askari? Wenye bunduki?"

Tukafanya pumzi. Simwambii mtu afumbe macho, kwa mwenye kiwewe giza si pumziko. Miguu chini, macho kwenye dirisha, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi ya alivyoivuta. Mara sita tu. Mabega yalishuka kidogo, akayatazama kama mabega ya mtu mwingine.

Saa nne na nusu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu saa hii ndiyo niliyotoka nayo nyumbani kichwani.

Msichana wa miaka kumi na mitatu na mamake. Ameanza kuanguka shuleni. Aanguka, atetemeka, hasemi kwa saa nzima. Mtaani wamesema ni jini. Ameshasomewa na ustadhi, amekunywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Mimi siyapigi vita hayo. Ustadhi huyo namfahamu, ni mpole, hamfungi mtoto wala hampigi, na ndiye aliyewaambia waje kwangu. Nina ugomvi na wale wa viboko na kamba tu. Mtoto ambaye mwili wake ulishashikwa kwa nguvu, ukimshika kwa nguvu tena ukaita ni tiba, umemrudisha palepale.

Mama yake aliniinamia, akanong'ona, "Bi, wewe mfanye aseme. Kuna kitu amefanyiwa, mimi ni mamake najua. Mfanye aseme leo."

Naijua hamu hiyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii alikuja kwangu mwanamke aliyekimbia fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Nilidhani kazi yangu ni kuitoa hadithi. Nilimuuliza, akajibu, nikauliza tena, na kwa saa moja alimwaga kila kitu akitetemeka mpaka meno yakagongana. Nilimshukuru kwa ujasiri wake. Nami nilijiona nimefanya kazi. Hakurudi tena. Niliposikia habari zake, alikuwa hatoki nyumbani. Nilimfanya ayapitie yote kwa mara ya pili bila kumwandalia pa kutua, na hilo ni kosa langu. Shirika la Afya Duniani linashauri wazi kwamba mtu aliyetoka kwenye janga asiwekewe kikao cha kusimulishwa tukio kama kinga ya kiwewe. Nililisoma baadaye. Yeye alikuwa ameshalilipia.

Kwa hiyo nilimwambia mama, "Nisamehe, dada yangu. Sitamfanya aseme. Nitamfanyia mahali ambapo akitaka kusema, hataanguka."

Halafu nikamgeukia mtoto, nikamwambia yaliyo kweli kabla hajafungua mdomo: "Hapa huna lazima ya kunieleza lolote. Unayonieleza yabaki kwangu, ila jambo moja. Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, sitaweza kunyamaza, itabidi nitafute watu wa kukulinda. Na kabla sijawaambia, nitakwambia wewe kwanza." Wapo wenzangu wanaoona onyo hilo litamfunga mtoto mdomo. Mimi naona mtoto aliyekwishadanganywa na mkubwa mmoja asidanganywe na wa pili, hata kwa nia njema. Nikamwandikia pia nambari ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, haina malipo, akaikunja mara nne akaitia ndani ya kiatu.

Akachagua kiti cha pembeni. Nikampa karatasi na kalamu za rangi, na mimi nikachukua yangu. Tulichora dakika arobaini. Alichora nyumba yenye madirisha kumi na moja, mlango haukuwepo. Sikuuliza mlango uko wapi. Alipoinuka aliichukua kalamu ya kahawia, akanitazama, akauliza, "Nikija tena naweza kuimalizia?"

Nikamwambia itamngoja. Niliifungia kabatini mbele yake.

Mama yake, ngazini, nilimweleza jambo la haraka kwa uwazi: akijua kwamba mtoto amefanyiwa ukatili siku hizi za karibuni, asingoje miadi yangu. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na kinga ya Virusi vya Ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Ushauri nasaha unaweza kungoja. Hiyo haingoji.

Saa saba

Swala, wali wa nazi na samaki. Nalala dakika kumi sakafuni.

Saa nane

Leo ilikuwa zamu ya kuwafundisha wahudumu wa kituo kimoja cha afya. Nimeomba bawabu na mfagiaji nao waje, maana mgonjwa hukutana nao kabla ya daktari. Kuna hospitali moja, sitaitaja, ambako niliwahi kumsindikiza msichana na karani akauliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Huyu ndiye yule wa kubakwa?" Msichana aligeuka akaenda zake. Dawa zilikuwepo, daktari alikuwepo, hakufika kwao. Hadi leo nikikumbuka nahisi joto usoni.

Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu iliandika misingi sita ya huduma inayojali kiwewe: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa waliowahi kupitia, kushirikiana, kumpa mtu sauti na hiari, na kuujali utamaduni na historia yake. Niliisema mara moja tu. Muda uliobaki tuliutumia kwenye mambo ya mikono. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alimlaza mwenzake kitandani, akajifunza kusema: "Sasa nitakupima tumbo. Nikuguse? Ukitaka niache, inua mkono, nitaacha." Aliyelala, mtu mzima mwenye miaka ishirini kazini, alikaa kimya kisha akasema kwamba yeye, aliyezaa watoto watatu, hajawahi kuulizwa hivyo.

Bawabu akauliza kama na yeye anaweza kubadilisha chochote. Mkoba. Huwa anapekua mkoba wa kila mama bila neno. Akasema kuanzia kesho atawaomba waufungue wenyewe.

Saa kumi

Simu na msimamizi wangu. Kila mshauri anahitaji wa kumshauri. Nilimweleza ile nyumba isiyo na mlango, na kwamba ninaogopa. Hakunipa jibu, alinisikiliza mpaka nikalisikia mwenyewe. Tuliongea pia juu ya mwenzetu aliyekuwa akikaa na jamaa za wafu wa Shakahola, wafuasi wa dhehebu la kufunga mpaka kufa, mwaka 2023, walipokuwa wakingoja vipimo vya kutambua miili. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni kule. Mwenzetu huyo hakuvuliwa nguo wala kupigwa na mtu, lakini mpaka sasa akisikia jembe linagonga udongo hujisikia kutapika. Kiwewe cha kupokea nacho ni kiwewe. Amepumzishwa kazi, na nashukuru kwamba safari hii aliyeomba mapumziko hakuchekwa.

Saa kumi na moja jioni

Kivukoni, upande wa kisiwani. Ananingoja bibi wa Tudor, miaka sitini na kitu, leso mbili na viatu vya raba. Kakake alikufa Mtongwe. Tangu 1994 hajavuka maji. Bintiye ameolewa Ukunda na amezaa, mjukuu ana miezi minane, na bibi amemwona kwenye simu tu.

Hii ni wiki ya nne tunakuja. Ya kwanza tulisimama mbali barabarani, tukasikiliza honi. Ya pili tuliona maji. Wiki jana tulifika kwenye kibanda cha muuza madafu, akanywa dafu zima kwa mikono miwili. Hatua huamua yeye, mimi natembea kando yake, na tumekubaliana kwamba kurudi nyuma kumo ndani ya safari.

Leo tumepita kibanda. Umati ulipoanza kuteremka alinikamata kifundo cha mkono, akasimama. Nikasimama. Nikamuuliza anasikia nini miguuni. "Lami," akasema. "Ya moto." Feri ikaja, mlango wake wa chuma ukashuka kwa kishindo, naye akashtuka mwili mzima, lakini macho hakuyaondoa. Watu wakaingia. Ilijaa, ikaondoka. Hakusema kitu mpaka ilipofika katikati.

"Nilikuwa nadhani itazama," akasema.

Nikangoja.

"Kila siku nikidhani itazama. Hebu tuitazame inayofuata."

Tuliitazama inayofuata, na iliyofuata hiyo. Jua likawa linaingia upande wa Kilindini. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo lami inakwisha na mteremko wa kupandia unaanza.

"Jumanne nitasimama pale. Si mbele ya pale."

"Pale pale," nikamwambia.

Akanipa mfuko wa plastiki aliokuwa nao muda wote. Mabuyu, na kofia ndogo ya uzi wa buluu. Binti yake atakuja kuichukua kwangu kesho.

Nikapanda feri na ile kofia mkononi, nikasimama karibu na chuma, upande ambao angeweza kuniona.