Macho mekundu kwenye picha

Jana dada alinitumia picha ya mjukuu wake, akaomba radhi kwamba imeharibika: flashi imemfanya mtoto macho mekundu kama sungura. Mimi nilishusha pumzi. Wekundu ule ni mwanga unaorudi kutoka sehemu ya nyuma ya jicho lenye afya. Wa kuogopwa ni weupe, lile jicho la paka.

Nikamkumbuka mama wa jicho la bandia aliyekuja kliniki yangu ya macho. Lilikuwa limelegea na kutoa tongotongo, ndilo lililomleta; mtoto wa wiki sita alikuwa mgongoni tu. Nikiwa nalisafisha niliuliza la asili lilitolewa lini.

"Nikiwa na mwaka na nusu. Mama alisema ni uvimbe."

Nikamwomba amshushe mtoto.

Dawa ya kupanua mboni, tone moja kila jicho. Baada ya dakika kumi, jingine. Tukasubiri nusu saa. Mikono ikafungwa ndani ya kanga, kope zikashikiliwa kwa waya, taa kichwani kwangu, lenzi ya dayopta 20 mkononi. Retinoblastoma, saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikiwa ya kurithi kwa wachanga hupenda kuanzia karibu na katikati ya retina. Ya pembeni huja baadaye, kwa hiyo kukagua mara moja hakutoshi. Jicho la kulia, safi. La kushoto, doa jeupe kama maziwa mazito, dogo kuliko kichwa cha neva ya jicho. Kwenye picha lisingeonekana.

Nilimweleza: jeni ya RB1, kromosomu ya 13, tunazaliwa na nakala mbili. Mtoto alikuja na moja mbovu, ya pili ikaharibikia ndani ya retina. Kila mimba, uwezekano wa kurithi nakala mbovu ni nusu kwa nusu.

"Kwa hiyo mama alinipa, nami nikampa huyu?"

Nikasema huenda mama yake hana hatia. Kwa wengi hitilafu huanza upya kwa mgonjwa mwenyewe. Nilidhani namtua mzigo. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo.

"Basi imeanzia kwangu."

Yaliyofuata ni leza, nusu kaputi kila baada ya wiki chache, mionzi tukaikwepa kwa sababu huwaongezea wenye hitilafu hiyo hatari ya kupata saratani nyingine baadaye. Jicho lilibaki. Lile jibu langu sijui hadi leo kama nilipaswa kulitoa siku ile.

Dada anasema simu yake mpya hufuta wekundu yenyewe. Nimemwambia akizime hicho kitu, apige tena.