Rodi ya athi, fundi wa msumeno na birika la binamu

Ukijenga Kigamboni, kila anayepita ni mhandisi. Nilipofikia umeme, jirani alinishauri nichimbe shimo, nijaze mkaa na chumvi ya mawe, nichomeke kipande cha nondo kilichobaki kwenye zege, athi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) imekamilika hiyo. Chumvi kweli hupunguza ukinzani wa udongo, sikatai. Ila kwenye mchanga wetu, masika mawili matatu yakipita imekwenda na maji, na haiondoki kabla ya kuila ile nondo.

Rodi, yaani fimbo ya athi inayozamishwa ardhini, nilifuata Kariakoo. Huko nako niliambiwa niende na sumaku, ikinasa ujue feki. Jamani, rodi nyingi ni chuma kilichovikwa shaba, sumaku itaachaje kunasa? Mimi nilikwenda na tupa. Kijana wa duka alikunja uso, nikakwangua hivyo hivyo. Ya kwanza, mkwaruzo mmoja tu chuma hiki hapa, shaba yake kama rangi ya kucha. Nyingine nilisugua mpaka mkono ukachoka. Nikachukua mbili za hiyo, milimita 16, urefu futi 8. Bei ilikaribia mara mbili, sikubishana.

Sasa fundi wa kwanza. Nilitoka kufuata saruji, kurudi nakuta ananawa mikono. "Dada, imezama yote." Imezamaje upesi hivyo, na hapo chini kuna matumbawe? Nikainama. Kichwa cha rodi kinang'aa, hakina hata alama ya nyundo. Nikakishika, kikazunguka. Nikavuta, ikatoka kama muhogo wa kichanga: mita moja na ushee, mwisho wake umekatwa kwa msumeno. Nusu ya pili ilikuwa kwenye gunia lake la vifaa. Akasema alikuwa ananihifadhia.

Wa pili alikuwa mzee mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiye aliyesaini na fomu za TANESCO. Alikuja na mashine ya kupimia athi. Kwanza akakirudisha kile kipande ardhini, akakipima, nadhani kwa kunifurahisha tu: omu 200 na kitu (omu ni kipimo cha ukinzani, zikiwa chache ndiyo nzuri). Halafu akahamia nyuma ya nyumba, mbali na matumbawe. Akachimba kishimo, akajaza maji, akasimamisha rodi nzima na kuanza kuipandisha na kuishusha kwa mikono, taratibu, maji yakiifuata chini. Bila nyundo ilizama hadi usawa wa goti! Iliyobaki akaigonga akiwa ameivisha kipande cha bomba la chuma, kichwa kisichanue. Siku ile hakupima, alisema maji yangetudanganya. Mchanga ulipokauka akarudi: 90 hivi. Tukazamisha ya pili, umbali unaozidi urefu wa rodi yenyewe, tukaziunganisha kwa waya wa shaba, ikashuka hadi kama 50.

Nilikuwa nimesoma kwamba Marekani rodi moja ikizidi omu 25 wanataka ya pili, na kwamba nondo za msingi zilizomo kwenye zege nazo lazima ziunganishwe kama zipo. Nikamuuliza mzee, hiyo 50 inatosha? Akachukua penseli, akaandika kwenye plasta yangu mpya: volti 230 gawanya kwa omu 50, ampea 4.6, ndio umeme utakaopita ardhini kifaa kikivuja. "Breka yako ya ampea 32 itasikia hiyo?" Haisikii. Hata ingekuwa 25, ni ampea 9.2, breka imelala na bati la friji lina umeme. Kinachokata ni RCD, swichi inayozima umeme ikihisi unavuja, ya miliampea 30. Ampea 0.03 ikipita kwenye omu 50 ni volti 1.5 tu, na hapo imeshakata. Yule wa kwanza alikuwa ameniambia RCD ni usumbufu, niiruke nipunguze gharama.

Kiungo cha waya na rodi usikubali kifukiwe. Mimi nimejengea kishimo chenye mfuniko, nafungua naangalia.

Tulipohamia, RCD ilikata kila binamu yangu alipochomeka birika alilokuja nalo. Akasema RCD ndiyo mbovu, itolewe. Mzee akalipima birika: elementi imepasuka, umeme unavujia kwenye bati. Binamu kashangaa, maana kwake huwa linatekenya kidogo tu, na dawa yake ni kuvaa kandambili.