Vibuyu vya Desemba na Michoro ya Kolo

Kibuyu kilichokauka sawasawa hujitangaza chenyewe. Ukikitikisa karibu na sikio, mbegu zilizomo ndani hucheza kama njuga, na ukikigonga kwa ukucha hutoa mlio wa mti mkavu, si wa tunda. Kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, huvitikisa kimoja kimoja nyuma ya jiko letu hapa Moshi, nikivitenga vilivyo tayari na vile vinavyohitaji wiki mbili tatu zaidi. Mwaka nilioanza kazi hii sikuwa na subira hiyo. Nilivichora vibuyu 24 vikiwa bado na unyevu ndani, nikavipaka vanishi ili ving'ae, na kabla ya Krismasi ukungu ukaota kupitia ganda na kuharibu michoro yote. Niliwarudishia wateja wangu fedha zao, nikaanza upya.

Vibuyu ninavyovizungumzia ni vidogo, vingi havizidi ngumi ya mtu mzima, na ninavitengeneza viwe mapambo ya Krismasi. Kila kimoja kina mchoro mwekundu niliouiga kutoka kwenye michoro ya kale iliyo kwenye miamba ya Kondoa, mkoani Dodoma, na kimefungwa uzi wa katani ili kining'inizwe kwenye tawi, mlangoni au dirishani. Wengi wanaovinunua ni ndugu wanaopanda kutoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba kuja kuhesabiwa nyumbani, kama tusemavyo, ambao hutafuta kitu cha kumpelekea bibi, mjomba au rafiki, kitu kisichofanana na kile kilichojaa kwenye kila duka la stendi.

Nilipokuwa mdogo, mti wetu wa Krismasi ulikuwa tawi lililokatwa kwenye uzio wa jirani kwa ruhusa yake, likasimikwa kwenye ndoo ya mchanga, likavikwa maputo na vipande vya pamba ya dukani vilivyosimama badala ya theluji. Nje jua lilikuwa kali, maana Desemba kwetu ni mwezi wa joto, na asubuhi mawingu yakifunguka theluji ya kweli ilionekana kupitia dirisha lile lile, huko juu Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule kwa mara ya kwanza, mwongozaji wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, wapo wataalamu wa jiografia huko Uingereza waliokataa kwa miaka mingi kuamini kwamba inaweza kukaa karibu hivyo na ikweta. Nimelifikiria sana lile neno la mwongozaji. Baridi yetu ina mahali pake, ipo juu mlimani, na haina haja ya kushushwa sebuleni kwa pamba.

Hata mapambo ya majira ya baridi ya Ulaya, ambayo kadi na filamu zimetuzoesha kuyaona, yalitokana na vitu vilivyokuwa karibu na watu: matawi ya miti isiyopukutisha majani, mabua ya ngano, karatasi, nta. Fransisko wa Asizi alipoandaa hori la Krismasi kule Greccio mwaka 1223, alitumia nyasi kavu, ng'ombe na punda. Kwa hiyo ninapotumia kibuyu, udongo mwekundu na katani, naona kwamba nafuata desturi ile ile, ila kwa vitu vya hapa.

Michoro yenyewe niliifuata. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, ukapita Babati na kuendelea kusini, unafika Kolo kabla ya mji wa Kondoa, na pale ndipo unapopata mwongozaji wa kukupandisha milimani. Eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na zaidi ya sehemu 150 zenye michoro. Watu huyaita mapango, lakini nyingi si mapango ya kuingia gizani. Ni mabamba makubwa ya mawe yaliyopasuka kwa nguvu zile zile zilizofungua Bonde la Ufa, yakainama mbele kama paa la baraza, na wachoraji walitumia kuta zake zilizosimama wima. Mvua na jua haviwafikii moja kwa moja watu wale waliochorwa, na nadhani ndiyo sababu mtu akisimama mbele yao hupunguza sauti bila kuambiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni wembamba wao. Wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye madini ya chuma, wamerefuka kuliko mtu yeyote wa kawaida, na miili ya baadhi yao imejazwa mistari myembamba iliyoshuka sambamba kutoka begani hadi kwenye nyonga. Vichwa vyao vina duara kubwa lililotimka, ambalo huenda ni nywele au kilemba. Pembeni wapo wanyama, twiga na pofu, na juu ya michoro hiyo au kando yake ipo mingine ya rangi nyeupe, mizito, iliyokuja baadaye, ambayo wataalamu huihusisha na wakulima wa lugha za Kibantu. Mwaka 1951 wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi kubwa ya kuinakili michoro ya eneo hili, na nakala hizo zikatolewa katika kitabu mwaka 1983. Mimi sikugusa mwamba wala sikuulowesha maji ili rangi ikolee. Nilikaa na daftari na penseli tangu saa tatu asubuhi hadi mwongozaji aliponiambia, kwa upole, kwamba tunapaswa kushuka.

Nyumbani niligundua kwamba nilikuwa nimeona mengi ila sijaona mstari. Nilichora watu wale kwa brashi ya dukani, na wakatoka wazuri, laini, wasio na uhai. Nikajaribu kijiti cha mswaki, kile kile cha kutafuna, nikakiponda ncha mpaka nyuzi zikaachana. Udongo mwekundu nauchota kwenye mtaro wa shamba letu, naupepeta kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa, nauchanganya na maji na gundi kidogo ya mbao. Mswaki hushika rangi kidogo, kwa hiyo mstari lazima uvutwe mara moja, kuanzia begani hadi kisiginoni, kabla rangi haijaisha. Ukisita, unaona doa mahali uliposita. Tena kibuyu si ukuta: mstari ulionyooka hunenepa unapofika kwenye tumbo lake, na mtu mwembamba wa Kolo akageuka mnene. Ndiyo maana sasa kwa michoro ya watu nachagua vibuyu vyenye shingo ndefu, ili mwili ulale kwenye shingo na miguu tu iteremke kwenye tumbo, na vile vya duara nawaachia pofu.

Upo mchoro mmoja maarufu pale Mongomi wa Kolo, wa watu kadhaa walioshikana, ambao wateja wameniomba mara nyingi. Huo siuchori. Mahali pale Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado wanapatumia kwa matambiko, na sioni vema kuuza kwa kuning'inizwa kitu ambacho wenyewe wanakwenda mbele yake kuomba.

Somo hilo nilipewa nyumbani, kwa jambo jingine. Mwaka wa pili nilianza kufunga zawadi zangu kwa jani la sale, kwa sababu ni jembamba, la kijani kibichi, na linapendeza kuliko utepe wowote. Nilimpelekea mama mkubwa kibuyu kimoja kule Marangu, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye lile jani.

"Mwanangu, umekuja kuniomba radhi? Umenikosea nini?"

"Hapana, mama mkubwa, nimelifunga liwe pambo tu."

"Sale si pambo. Ukinishikia sale, mimi sina ruhusa ya kukukatalia. Sasa ukilitembeza hivi kwa kila mtu, siku utakapokuwa na shida ya kweli utashika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilifahamu tangu utotoni kwamba sale ni jani la msamaha na la mpaka wa shamba, lakini nilikuwa nimelitazama kwa macho ya mpambaji tu. Tangu siku hiyo nafunga kwa gome kavu la mgomba, ambalo halimdai mtu chochote.

Nayasema haya kwa sababu yapo yaliyoniuma. Duka moja la zawadi mjini Arusha lilichukua vibuyu vyangu 30, likang'oa vikadi nilivyoandika kwa mkono vyenye jina la Kolo, likabandika vyake vilivyosema kwamba hiyo ni sanaa ya Kimasai. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mgeni anaijua sanaa ya Kimasai na haijui Kondoa. Wamasai wana sanaa yao, shanga zenye mpangilio wa rangi unaobeba maana, na hawahitaji kuongezewa vitu vya watu wengine. Hatari hii tumeshaiona. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya mbao za dari, akafariki mwaka 1972; leo picha za mtindo wake zimejaa kila soko la watalii, na wauzaji wengi hawawezi kukueleza kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu. Nilivichukua vibuyu vyangu vyote, nikapanda navyo basi la Moshi vikiwa magotini.

Sasa kikadi nakitia ndani ya kibuyu. Natoboa tundu dogo chini, nakikunja kikadi mpaka kinakuwa kama kijiti, nakiingiza, naziba kwa nta. Kimeandikwa jina la Kolo, aina ya mchoro na udongo ulikotoka rangi. Anayepokea zawadi huambiwa avute nta kwa kisu, na dada mmoja aliniandikia kwamba baba yake aliusoma mkunjo ule kwa sauti mezani siku ya Krismasi, kisha akataka kujua nauli ya kufika Kondoa.

Leo asubuhi nimetikisa vibuyu 37. Vilivyolia ni 29. Vile 8 nimevirudisha juani, na visipolia hadi katikati ya Desemba vitangoja Krismasi ijayo.