Bomba la Njombe lililovuja bila mvua

Mdogo wangu wa Njombe alinipigia Julai, saa moja asubuhi. "Dada, lile bomba lako linavuja." Nikamuuliza mvua imenyesha lini. "Mvua ipi? Tangu mwezi wa tano hatujaona tone!"

Si bomba la maji, ni bomba la mwanga, la kushusha jua ndani kutoka paani. Aliliita langu kwa sababu mimi ndiye niliyemtia tamaa ya kuliweka. Kwangu Mbezi korido iko katikati ya nyumba, haina dirisha, taa ilikuwa inawaka mchana kutwa. Mwanzo fundi aliniwekea bati la plastiki linalopitisha mwanga, mita mbili kwa sentimita 60, na kioo darini. Mwanga ukaja, na joto nalo likaja. Hesabu yake si ngumu: jua kali la saa sita hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kama nusu yake ni joto ambalo jicho halilioni. Nilikuwa nimejiwashia pasi juu ya kichwa.

Nikaling'oa, nikaweka bomba la mwanga: kuba la plastiki juu ya paa, mrija wa alumini unaong'aa ndani kama kioo, kipenyo sentimita 25, na chini kisahani cheupe cha kutawanya mwanga. Mdomo wake hupokea wati 50 tu hivi. Hata Oktoba, jua la Dar likiwa utosini kabisa, ukiweka kiganja chini ya kisahani unahisi uvuguvugu, basi. Darini kwenyewe hapakaliki, hewa inachoma pua. Ndiyo maana mrija niliuviringishia blanketi la pamba ya kioo, usipate joto la ubavuni. Hewa iliyomo ndani haina neno. Ya moto ni nyepesi, imejikalia juu kama mafuta kwenye mchuzi, haina la kuifanya ishuke.

Njombe mambo yamepinduka. Kuba limekesha nje kwenye baridi ile ya kung'ata masikio, ndani watu wamelala na madirisha yamefungwa, alfajiri wifi anabandika sufuria ya maji ya kuoga na mlango wa jikoni uko wazi. Sasa hewa ya vuguvugu iko chini na ya baridi iko juu, kwa hiyo hazitulii: moja inapanda, nyingine inashuka. Inayopanda imebeba mvuke, na mvuke ukigusa kuba la baridi unageuka maji.

Fundi alishapanda mara mbili na silikoni, akaziba kingo za kuba, akalipwa, akashuka. Asubuhi tone lile lile, juu ya zulia lile lile.

Nikamwambia mdogo wangu apande kwenye kiti, afungue kisahani, apitishe kidole mrijani. Kimya kidogo. Kisha: "Dada, kumelowa mpaka juu, kama glasi ya maji ya friji."

Upenyo ulikuwa huku chini, pembeni mwa kisahani, wala si kwenye paa. Akazungushia mpira, akaweka kisahani cha pili cha plastiki ndani ya mrija usawa wa dari, na blanketi kama langu, maana fundi wake alilionaga ni la watu wa joto tu.

Juzi kanitumia picha. Zulia limerudi koridoni. Sufuria inachemka, mlango wa jikoni wazi vile vile.