Miguu ya mama Makka

Mama anachoma insulini, na sukari imeshampunguzia hisia za nyayo. Anaweza kukwaruzwa asijue. Kwa hiyo tulipopata safari ya Hijja, mimi nikiwa mahramu wake (ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa, anayefuatana naye), kilichonikosesha usingizi ni miguu yake.

Tulianzia kliniki mapema. Daktari alituandikia barua ya dawa na kumpangia dozi za siku za kutembea sana, maana mwendo hushusha sukari. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo tukachoma mapema pia. Hutakiwa zipite angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Viatu alivivaa nyumbani mpaka vikamkaa.

Mwanamke aliyehirimia, yaani aliyenuia na kuingia kwenye ibada, anaruhusiwa soksi, alhamdulillahi. Nilimnunulia za pamba, nyeupe, zisizobana: damu ikitoka inaonekana papo hapo. Alitufu nazo, yaani alizunguka Kaaba. Kila baada ya Isha nilimwosha miguu, nikamkausha katikati ya vidole, nikamulika nyayo kwa tochi ya simu.

Insulini ilikaa kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, imeviringishwa taulo ili isigusane na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Na joto si la kupuuza: mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki.

Arafa, uwanda ulio nje ya Makka, alikaa hemani jua lote, akiomba dua, maji akinywa hata bila kiu. Kisimamo ni kuwa ndani ya mipaka ya Arafa, si lazima kupanda Jabal Rahma, kilima cha hapo. Mkobani hazikukosekana tende na juisi, na mikono ikianza kutetemeka tulipima hapo hapo.

Tukiwa Mina, bonde la mahema karibu na Makka, tochi ikaonyesha lengelenge chini ya kidole gumba. Mwenyewe hana habari. Daktari wa msafara alilifunga akamkataza kutembea. Mama alilia, saai, mwendo wa mara saba kati ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3 na alitamani kuimaliza kwa miguu yake. Sheikh wetu akamwambia, "Mama, Mtume (s.a.w.) katika Hijja ya kuaga alitufu juu ya ngamia."

Akanyamaza, akafuta machozi, akakubali kiti cha magurudumu. Vijiwe vya kurusha kwenye nguzo za Jamarat akaniwakilisha: nilirusha vyangu kwanza, kisha vyake. Tawafu ya Ifadha, ile ya baada ya Arafa, na saai nilimsukuma mwenyewe, usiku, jua limeshatua.