Hamira na wifi yangu

Mimi nauza maandazi, kwa hiyo hamira naijua: unatia kidogo tu jioni, asubuhi unga umefurika beseni. Ndiyo maana Pasaka ikikaribia nakaa sana kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 12. Waisraeli waliambiwa wale mikate isiyotiwa chachu (ndiyo hamira yenyewe) siku 7, na siku ya kwanza waiondoe chachu majumbani mwao. Majumbani, si kwenye mkate tu! Paulo naye anawaandikia Wakorintho waifanye karamu bila chachu ya uovu.

Mwaka huu nami naiondoa chachu yangu ya moyoni, na nimeanza na wifi yangu. Hatujagombana, ni ule ubaridi wa kusalimiana kwa sababu watu wanatuona. Nikajihoji: nikiongea na mume wangu, namtaja kwa jina au nasema "huyo dada yako"? (Wenye ndoa mnanielewa.) Jumamosi nikampigia, tukaongea habari za watoto na bei ya mafuta ya kula. Radhi hakuna aliyeomba, bado.

Halafu kuna Walawi 23. Baada ya Pasaka yanahesabiwa majuma 7, inafika sikukuu ya Pentekoste, na ile mikate miwili inayoletwa mbele za Bwana imetiwa chachu! Wachungaji, hii mbona hamtuhubirii?